DJ si kitufe: sauti zetu tunamwachia nani?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, basi mshindo wenyewe ndio huu. Wiki tatu sijaandika kitu. Sijafa wala sijadisko (bado, hehehe), ni testi za katikati ya muhula pamoja na ile kazi yangu ya pili ambayo baadhi yenu mnaijua. Kwa wageni: mimi mchana ni mwanafunzi kama nyie, Ijumaa na Jumamosi usiku ni DJ. DJ wa kujitegemea. Yaani sina klabu iliyoniajiri, sina redio, sina mdhamini. Nina laptopu moja iliyopasuka kioo kwenye kona, mashine ndogo ya kuchanganyia muziki niliyoinunua ya mtumba kwa kudunduliza bumu la mihula miwili, hedifoni, na simu. Mama yangu kila akipiga simu anauliza swali lilelile: "Mwanangu, tumekupeleka chuo kusoma au kupiga disko?" Namjibu, "Vyote, mama." Anakata simu.

Leo sikuja kuwatangazia napiga wapi wikiendi. Nimekuja na hoja, na najua kuna watu itawakera, hasa ma-DJ wenzangu wa hapa chuoni. Hoja ni hii: DJ anayekaa kusubiri nyimbo kumi zinazotamba, akazipanga, akazibonyeza, hana tofauti na flashi. Flashi yenyewe haidai nauli. Kazi ya DJ ni sikio. Na sikio la DJ aliyezaliwa huku kwetu lina deni: kusikiliza sauti za hapa, kuzirekodi, kuzitunza na kuzipiga, kabla hazijapotea na kabla hatujalazimika kuziomba kwa watu wengine.

Ngoja nieleze, msinirukie.

Tuanze na historia kidogo, maana kuna watu wanadhani u-DJ ulianza na taa za rangi. Tarehe 11 Agosti 1973, kwenye jengo la ghorofa la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, binti mmoja aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi. Shida yake ilikuwa ya kwetu kabisa: alitaka hela ya nguo za kwenda nazo shule. Kiingilio senti 25 kwa wasichana, senti 50 kwa wavulana. Aliyepiga muziki ni kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Jamaika, ambaye dunia inamjua kwa jina la Kool Herc. Huyu bwana alikuwa anaangalia watu wanavyocheza. Akaona kuna kile kipande kifupi cha wimbo ambacho waimbaji wananyamaza inabaki ngoma tupu, na hapo ndipo wachezaji wanachachamaa. Basi akawa anachukua santuri mbili za wimbo uleule, kipande kikiisha kwenye moja anakianzisha kwenye nyingine, anakirefusha mpaka watu watoke jasho. Hip hop yote mnayoijua ilichipukia kwenye sherehe za namna hiyo. Oneni sasa: Herc hakuwa na wimbo mpya hata mmoja. Zilikuwa santuri ambazo mtu yeyote angeweza kununua dukani. Alichowazidi wenzake ni kusikiliza.

Mfano wa pili ni wa Mwafrika, na huu unaniuma kidogo. Mwaka 1944, pale Cairo, kijana mmoja aliyekuwa anasomea kilimo chuo kikuu, jina lake Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodi kutoka kituo cha redio. Wakati huo ilikuwa inarekodi kwenye waya. Akaenda kurekodi zaar, ngoma ya wanawake ya kutibu watu wenye mashetani, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Aliporudi studio akaichezea ile sauti, akaipitisha kwenye vyumba vyenye mwangwi, akabadilisha sauti za wale wanawake mpaka zikawa kitu kingine kabisa. Mwaka huohuo watu wakaisikiliza kwenye ukumbi wa sanaa. Miaka minne baadaye, 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer akarusha redioni Paris kazi zake alizotengeneza kwa sauti, mojawapo ikiwa ya magari moshi. Vitabu vingi kwa muda mrefu vimeanza kuhesabu kwa Schaeffer. Yule wa Cairo, mwanafunzi kama mimi na wewe, anatajwa pembeni kama anatajwa kabisa. Schaeffer simdharau, alifanya kazi kubwa. Nasema tu kwamba ukichelewa kuandika habari yako, wengine wataiandika na wataanzia wanapojua wao.

Hii kitu ya kuchukua sauti za kawaida na kuzifanya kazi ya kusikilizwa ndiyo watu wanaiita sanaa ya sauti. Msiogope jina. Haitaki gitaa wala kinanda. Mnaijerumani? Basi mjuzi wa karibu ni Emeka Ogboh, Mnaijeria, ambaye amerekodi sana jiji la Lagos: madereva wa danfo, makondakta wanaoita vituo, kelele za sokoni. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la sanaa ya Afrika la Smithsonian, pale Washington, liliweka kazi yake iitwayo Market Symphony. Sauti za soko la Balogun zilikuwa zinatoka kwenye spika zilizofungwa kwenye sinia za bati la rangi, zilezile ambazo wauzaji hupangia bidhaa. Watu walivaa vizuri, wakaenda makumbusho, wakasimama kimya kusikiliza sokoni.

Sasa nikuulize, sisi hapa Dar tuna upungufu gani? Konda wa daladala akiita "Mwenge-Mwenge-Mwenge, mwenye haraka apande" ana mapigo kuliko rapa wengi ninaowafahamu. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake viwili usiku, unajua kabisa yuko umbali gani na kama anakuja au anaondoka. Fundi cherehani anagonga mkasi kwenye sanduku ili watu wajue anapita. Mvua ya masika juu ya bati, hiyo hata sihitaji kusema. Sauti hizi zote zina kazi yake, zina mpigo wake, na zote zinaweza kuondoka.

Mnadhani natia chumvi? Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, daladala nyingi ziliondolewa kwenye barabara ya Morogoro. Mimi sipingi mwendokasi, nikichelewa kipindi naupanda mbio. Lakini hakuna konda anayening'inia mlangoni, kwa hiyo ule mwito wa njia ile uliondoka na magari yake. Nani aliurekodi? Labda kuna mtu, kwa bahati, kwenye video ya harusi. Sisi tulikuwa na simu mfukoni muda wote tukawa tunapiga picha za chips.

Tuje kwenye singeli, maana bila singeli mada hii haijakamilika. Kuna wasomi wenzangu hapa chuoni bado wanaiita kelele za uswahilini. Haya. Singeli ilizaliwa kwenye vigodoro na sherehe za mitaani Manzese, Tandale, Mburahati na kwingineko, ikiwa mjukuu wa mchiriku ambao ulikuwa unapigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na ngoma. Vijana wakachukua vipande vya taarabu, wakavizungusha, wakavikimbiza mpaka mapigo 200, hata 300 kwa dakika. Fikiria hiyo: moyo wako ukipumzika unapiga kama 70. Walifanya hivyo kwenye kompyuta za kawaida, kwa programu ambazo kila mtu anazo. Ukiwaona wengine wakipiga, mikono iko kwenye vitufe vya laptopu kama mtu anayepiga marimba.

Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, wa kazi za studio ya Sisso pale Mburahati. (Jina la lebo najua linawachekesha. Wenyewe wanasema kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili chetu tuliache hapohapo.) Baada ya hapo zikafuata albamu, Bamba Pana mwaka 2018, Jay Mitta na Duke mwaka 2019, na vijana wa Mburahati wakaanza kuitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Waandishi wa kule wakaandika kwa mshangao kwamba huu ndio muziki wa kesho. Na hapo ndipo, jamani, baadhi ya watu wetu wakaanza kusema "kumbe singeli ni sanaa!" Ilikuwa sanaa tangu inapigwa barabarani kwenye jenereta. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa mbali amesema.

Najua mtaniambia: sasa hao wageni si wametusaidia? Ndiyo, wamesaidia, na ningekuwa mnafiki kukataa. Watu wamesafiri, wamelipwa, majina yao yameandikwa kwenye albamu. Kuna wasanii wetu wakubwa wa zamani ambao hata hilo la jina kuandikwa hawakulipata. Siti binti Saad tunaisikia sauti yake leo kwa sababu mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa kwenye santuri. Bila ile safari tungebaki na masimulizi ya watu waliomsikia. Kwa hiyo ugomvi wangu si na anayerekodi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosubiri kurekodiwa.

Maana kusubiri kuna gharama. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kenya na mashine yake, pale Kapkatet akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika kule, wale mabinti wakamgeuza kiumbe nusu mtu nusu swala. Utani mtamu kweli. Tracey akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954, na rekodi zikatunzwa Afrika Kusini. Wimbo umesikilizwa dunia nzima. Ila rekodi yenyewe kurudishwa kijijini kwa watu walioimba ilichukua zaidi ya miaka 60, ilirudishwa miaka ya 2010, wakati waliokuwa wasichana ni mabibi, na wengi wao hawapo tena. Tracey aliokoa kitu ambacho kingepotea, hilo nampa. Lakini miaka 60!

Sasa sikilizeni kijana wa Nairobi alivyolifanyia kazi jambo hilihili. KMRU, jina lake Joseph Kamaru, amerithi jina la babu yake, yule Joseph Kamaru mwanamuziki mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu yeye hapigi benga. Anatembea na mashine ya kurekodi, anakamata sauti za mitaa, upepo, nyaya za umeme, anazitandaza taratibu mpaka unahisi umeingia ndani ya chumba. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ilimfungulia milango mingi. Wakati huohuo amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake ili zisife. Halafu mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, aliyoitengeneza kutokana na sauti zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Hebu kaa na hilo kidogo. Msanii wa Kiafrika anafungua kabati la Ubelgiji, anasikiliza sauti za Waafrika zilizochukuliwa enzi za ukoloni, ndipo anaanza kuzijibu. Kazi nzuri mno. Lakini mimi sitaki mjukuu wangu aombe viza ili akamsikie konda wa Mwenge.

Haya, kuna upande mwingine wa shilingi ambao wapenda kurekodi huwa hawausemi. Likizo iliyopita nilikuwa kwa bibi yangu, Mkuranga huko. Bibi ni Mzaramo wa kweli, na enzi zake alikuwa kungwi. Nikamwamkia, tukakaa, tukamenya mihogo, nikamwomba: bibi, naomba unirekodie nyimbo za unyago, zisipotee. Akaniangalia weee. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe ulichezwa, unazijua. Hizo hazitembei kwenye simu." Nikamwambia bibi, ukiondoka zitaondoka. Akanijibu, "Basi kaa uzijifunze." Hakuna cha kurekodi. Simu nikaiweka kwenye pochi, tukaendelea na mihogo, na jioni yake nikafundishwa nyimbo mbili ambazo hamtazisikia kwenye miksi yangu yoyote mpaka kiama.

Nimelifikiria sana lile jibu, na naona bibi kanipa somo zima la maadili ya kazi hii bila ada. Kuna sauti za barabarani, hizo ni za wote. Kuna sauti za mtu binafsi, hizo unaomba. Na kuna sauti zenye wenyewe, hizo unajifunza au unaziacha. Kutunza maana yake si kuweka kila kitu kwenye intaneti. Nyingine zinatunzwa kwa kukaa na mtu. DJ asiyejua tofauti ya hizo tatu ni bora abaki na hiti zake kumi.

Tuongee hela sasa, maana najua wasomaji wangu. Kuna kamati moja ya sherehe, siitaji, ilinialika kupiga. Tumekubaliana saa tatu. Nauliza malipo, naambiwa "dada, hapa utajulikana sana." Nikauliza mwenye spika analipwa? Analipwa. Mwenye hema? Analipwa. Mpishi? Bila shaka. Kwa hiyo kwenye shughuli nzima anayelipwa kwa kujulikana ni DJ peke yake. Halafu wakaniletea karatasi ya nyimbo, zote zimepangwa, na maelekezo: "Usituletee zile kelele zako za mtaani." Nikawaambia kwa heshima zote, mnachohitaji ni flashi, na hiyo ninayo, nawapeni bure. Sikwenda. Sijafa njaa.

Kujitegemea ndiko huko, wadau. Watu wanakusifia kama ni raha tupu, kumbe ni kujua lini useme hapana na ule ugali kwa dagaa wiki nzima kwa sababu ya hiyo hapana. Lakini kunanipa kitu ambacho DJ mwenye mdhamini hana: hakuna anayenipangia nisikilize nini. Na kama nataka watu wanilipe, basi nami lazima niwalipe ninaowachukua. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo. Ukichukua kipande cha taarabu ukakizungusha, kuna mpiga fidla mahali fulani. Ukimrekodi konda ukamweka kwenye wimbo unaouza, huyo ana haki ya kuulizwa na kupewa chake. Huwezi kulia asubuhi kwamba wazungu wanachukua sauti zetu, jioni ukachukua ya muuza kahawa bila hata kununua kashata.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: "Watu wanakuja kucheza, hawaji makumbusho." Nakubali asilimia mia. DJ ambaye watu hawachezi, hata awe na falsafa gani, kashindwa kazi. Ila nani kasema sauti za hapa hazichezeki? Nawapa hesabu. Amapiano inatembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika. Zidisha mara mbili unapata 224, na hiyo tayari ni singeli. Maana yake unaweza kumtoa mtu kwenye amapiano ukamwingiza singeli bila mguu wake kukosea, kwa sababu pigo moja la huku ni mapigo mawili ya kule. Sasa katikati pale pa kuvukia, toa ngoma zote, acha konda peke yake kwa sekunde 20. Nilifanya hivyo mwezi uliopita kwenye kisherehe cha wenzetu wanaomaliza. Konda akaita "Posta Posta Posta," na ukumbi mzima ukaitikia "Twende!" Sikuwafundisha. Hakuna wimbo wa redioni ungefanya hivyo, kwa sababu hakuna wimbo wa redioni unaowajua wale watu kuliko basi walilopanda miaka mitatu kwenda chuo.

Hapo ndipo sanaa ya sauti na disko vinapokutana, na hapo ndipo napataka mimi. Sitaki watu wasimame kimya wameshika kidevu. Nataka mtu acheze, halafu njiani kurudi bweni amsikie muuza kahawa na asimame kidogo.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mimi si mtu wa kulalamika halafu nikalale. Mambo manne, yote hayana gharama kubwa.

Kwanza, kila DJ na kila mpenda muziki hapa chuoni arekodi sauti moja kwa wiki. Simu inatosha. Weka programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV ikiwezekana, maana MP3 ya ubora wa chini inakata vitu ambavyo huwezi kuvirudisha baadaye. Shika simu mbali na upepo, usiongee, rekodi dakika tatu bila kusogea. Dakika tatu ni ndefu kuliko unavyofikiri.

Pili, andika. Sauti isiyo na tarehe, mahali na jina ni kama picha ya harusi ya watu usiowajua. Andika nani alikuwa anaita, wapi, saa ngapi, na kama alikubali. Nyimbo ngapi nzuri za zamani tunazisikia hatujui nani alipiga tarumbeta?

Tatu, tuzifuate kaseti za wazee. Kuna mzee mmoja Magomeni ana makabati mawili ya kaseti, taarabu, dansi, hotuba, hata vipindi vya redio alivyorekodi mwenyewe. Joto na unyevu wa Dar haviombi ruhusa: kanda inanata, inapukutika, siku moja inaimba kwa mara ya mwisho. Redio yake bado inapiga, waya wa kuunganisha na laptopu bei yake haizidi sahani ya chips kuku, programu ya Audacity ni ya bure. Kinachohitajika ni watu wawili na Jumamosi kadhaa. Mzee ameshakubali, kwa sharti moja tu, kwamba kila anachotupa apewe nakala kwenye flashi, na tukae tusikilize naye. Sharti zuri kuliko mkataba wowote nilioona.

Nne, tusizifiche. Tuweke maktaba ndogo ya sauti hapahapa chuoni, kwenye kompyuta moja na diski mbili za akiba, mwanafunzi yeyote aje asikilize. Za mtaani ziwe wazi. Za watu binafsi zifuate walichokubali. Za kina bibi zibaki kwa kina bibi.

Nimeshapata watu watano walio tayari, wawili wa uhandisi, mmoja wa sosholojia, mmoja wa sheria (huyo ni wa mambo ya hakimiliki, msimwogope) na mmoja wa Kiswahili. DJ mpaka sasa ni mimi peke yangu, jambo ambalo naona ni aibu ya fani yetu. Tunaanza Jumamosi saa nne asubuhi Magomeni kwa mzee. Tunakutana kituoni, njooni na daraftari na hedifoni, na mtu alete sukari kilo moja, hatuendi kwa mzee mikono mitupu.

Mwenye kupinga apinge, uwanja uko wazi, lakini aje na hoja, asije na matusi. Naomba kutoa hoja.

Tuko pamoja.